Mama Chapa Apiga Linux

Jina la Mama Chapa hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu ya vidole vyake. Alianza kupiga chapa tangu enzi za mashine za chuma, zile zilizokuwa zikilia kengele kila ukikaribia mwisho wa mstari, na hata sasa, mvi zilipokwisha kumvaa kichwa kizima, aliweza kuchapa huku amegeuza shingo, anazungumza na mteja dirishani, anamuuliza hali ya watoto, na barua ikatoka haina kosa hata moja. Watu walikuwa wakisema vidole vyake vina macho.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kimetobolewa dirisha kubwa la kuelekea barabarani. Ndani mlikuwa na meza ndefu, stuli za wateja, mashine ya kopi iliyokuwa ikipata joto mpaka paka wa jirani akaifanya kitanda, na kompyuta. Kompyuta hiyo ilikuwa na jina: Ajuza. Aliinunua marehemu mumewe, dereva wa basi la shule, akaileta nyumbani ameifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama mtoto. Wakati huo ilikuwa mpya na hakuna aliyethubutu kuiita Ajuza. Sasa ukiiwasha asubuhi, ulikuwa na muda wa kufagia duka, kupanga karatasi, kuchemsha chai na kuinywa, ndipo ikubali kukuonyesha uso.

Nyuma ya duka waliishi wanawake wawili: Mama Chapa, na wifi yake, dada wa marehemu. Huyu wa pili mtaa mzima ulimwita Wifi, kwa kuwa ndilo jina lililokuwa likisikika kutoka ndani ya nyumba ile tangu asubuhi hadi jioni. Alikuja wakati wa msiba na sanduku dogo, amfariji mke wa kaka yake kwa wiki chache tu. Zile wiki zikageuka miaka. Wifi alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya wodini, sauti ya mtu anayeweza kukuamsha usingizini ili akupe dawa ya usingizi. Wawili hao waligombania kila kitu: chumvi ya mboga, stesheni ya redio, dirisha lifungwe au liachwe wazi. Ukipita ukakuta nyumba kimya, ujue mmoja wao hayupo.

Na sasa Wifi alikuwa anaolewa.

Mtaa ulicheka kwanza, kisha ukafurahi. Bwana harusi alikuwa Fundi Saa, mgane mmoja mtaratibu mwenye kibanda cha kutengeneza saa mtaa wa pili. Alianza kama mteja. Alikuja dukani kutoa kopi ya kitambulisho chake. Baada ya siku chache akaja tena kutoa kopi ya kitambulisho kile kile. Alipotokea kwa mara nyingine, nywele kazichana, shati kapiga pasi, kitambulisho mkononi, Mama Chapa alimtazama akamwambia:

"Shemeji, hicho kitambulisho sasa kina ukoo mzima. Wewe mwite tu. Yuko ndani."

Fundi Saa alishikwa na haya, akatazama chini, akatazama juu, lakini akamwita.

Kadi za harusi, bila shaka, zingechapwa na Mama Chapa. Nani mwingine? Lakini siku zikawa zinapita bila kadi. Leo wino umekwisha, kesho karatasi nzuri haijafika, kesho kutwa mgongo unauma. Wifi akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Zipo njiani, wifi, zipo njiani." Mwisho, Jumamosi moja asubuhi, Mama Chapa alijikaza, akavuta kiti, akaketi kuzitengeneza. Ajuza akakataa kuwaka. Aliguna, akaonyesha skrini ya buluu, akajizima, akajiwasha, akaguna tena.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakusema kitu. Na Wifi kutosema kitu lilikuwa jambo la kutisha.

Wakamwita Fundi Waya, mtaalamu wa kompyuta wa eneo lile. Alikuja na pikipiki yake, akafungua, akapuliza vumbi, akawasha, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mama, chuma ni kizima," akasema. "Diski nzima, kila kitu kizima. Kilichokufa ni mfumo uliomo ndani, na toleo jipya halikubali mashine ya umri huu. Tuipige Linux."

"Linux ndiye nani?" akauliza Wifi.

"Ni mfumo, shangazi. Unafanya kazi ile ile, ila ni mwepesi, na mashine za zamani unazipa nguvu. Huu wangu naupiga kwa mkono. Hakuna picha za kubonyeza. Unaandika amri, unabonyeza Enta, unaandika nyingine, mpaka umeujenga wote." Akatoa flashi mfukoni. "Umo humu. Unaiwasha mashine kwa flashi, halafu ukiwa humo ndani ya flashi unaujenga mfumo kwenye diski."

Alikuwa ndio kwanza ameichomeka flashi simu yake ilipolia. Alisikiliza, na rangi ikambadilika. Mke wake, mimba ya kwanza, uchungu ulikuwa umemshika.

Hapo Wifi alisahau kwamba alikuwa amenuna. "Uchungu unakuja kwa kufuatana au unaachia? Kuna mtu naye? Basi unasimama hapa unafanya nini? Nenda!" Alimsukuma mlangoni kwa mikono miwili. Fundi Waya akatoka mbio, akasahau kofia ya pikipiki, akarudi, akachukua kofia, akasahau flashi, akaondoka.

Baadaye kidogo simu ya Mama Chapa ikapiga mlio. Ulikuwa ujumbe mrefu kutoka kwa Fundi Waya, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, hana la kufanya ila kungoja. "Samahani sana mama. Nitakuja Jumatatu. Lakini kama huwezi kusubiri, haya hapa chini ndiyo maelezo ninayoyafuata mwenyewe, amri moja moja. Fuateni tu. Kitu kimoja: diski ina vipande viwili. Cha kwanza ndicho cha mfumo, hicho tunakifuta. Cha pili kina kazi zako zote. Hicho USIKIGUSE."

"Tusubiri Jumatatu," akasema Wifi, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake.

Mama Chapa alimtazama. Kisha akaitazama simu.

"Anasema ni kuandika tu?"

"Kuandika tu."

"Na mimi maisha yangu yote nimefanya kazi gani?" Akavuta kiti, akakunja mikono ya gauni. "Vaa miwani, wifi. Wewe soma, mimi nachapa."

Mwanzo haukuwa na heshima. Maelezo yalisema mara tu ukiwasha, bonyeza kitufe fulani cha safu ya juu, ili mashine ikuulize iwakie wapi. Mama Chapa alibonyeza, Ajuza akampuuza, akaonyesha ile buluu. Akazima. Akawasha. Akabonyeza tena, amechelewa. Akazima. Safari iliyofuata hakubonyeza. Alikigongagonga kile kitufe kama mtu anayebisha hodi mvua inanyesha. Ajuza akasalimu amri. Orodha fupi ikatokea, wakachagua flashi, na mistari mingi myeupe ikapita mbio ikipanda juu, mpaka ikatulia.

Skrini ilikuwa nyeusi tii. Juu kushoto palikuwa na maneno machache, na mbele yake kijistari kinachowaka na kuzimika, kinangoja.

Mama Chapa alikitazama kwa muda. Miaka yote hii alikuwa akikimbizana na kipanya, akitafuta vipicha vilivyojificha huku na huko. Hapa hapakuwa na kipanya. Palikuwa na karatasi nyeusi, mstari mtupu, na vidole vyake.

"Wifi," akasema, na tabasamu likaanza kumtoka taratibu, "hii kitu inanijua. Hii ni mashine ya chapa!"

Wifi akasogeza stuli, akaishika simu mbali na uso, akasoma kwa sauti ya kuita wagonjwa. "'Hatua ya kwanza. Hakikisha una wifi.'" Akainua macho. "Ameandika hivyo?"

"Mwambie ninaye. Amekaa hapa anamaliza sukari yangu."

"'Bila wifi huwezi kuendelea.'"

"Hilo nalijua siku nyingi," akasema Mama Chapa. Alikuwa amekusudia mzaha, lakini lilitoka na uzito, na wote wawili wakajifanya hawakulisikia.

Mtandao pale nyumbani ulikuwa mmoja tu: bando la simu ya Wifi. Akawasha hotspoti ili simu yake igawe mtandao, akairudisha mfukoni. Mama Chapa akachapa amri ya kutafuta mitandao, na ule wa Wifi ukaonekana katikati ya ile ya majirani. Mashine ikaomba pasiwedi.

"Taja pasiwedi."

"Nipishe niandike mwenyewe."

"Wewe unachapa kwa kidole kimoja, na humu ukiandika hutaona herufi. Ukikosea hatujui. Taja."

Wifi akanung'unika kitu.

"Nini?"

"Umenisikia."

"Sijasikia. Kuna lori limepita."

Wifi akavuta pumzi, na sauti ya wodini ikamtoka yote. "BARAFU WA MOYO! Nimesema barafu wa moyo! Pamoja, bila nafasi!"

Dirishani alikuwa amesimama mteja, mzee wa watu na karatasi yake ya kutoa kopi. Aliwatazama wote wawili, akakohoa kidogo. "Nitapita baadaye," akasema, akaenda zake.

Mama Chapa alilala juu ya kibodi kwa kicheko. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akajifuta macho kwa upindo wa gauni, akajaribu kukaa sawa, akaanza upya. Alipoweza kupumua akauliza, kwa sura ya kazini: "Herufi kubwa au ndogo?"

"Ndogo zote," akasema Wifi, pua juu. "Sina makuu."

Mtandao ukakubali.

Kazi ikaanza kuwa kazi kweli. Amri ya kuonyesha diski ilitoa orodha: diski kubwa, chini yake vipande vyake viwili, na pembeni kitu kidogo, ambacho kwa udogo wake walitambua kuwa ndiyo flashi. Kipande cha kwanza kiliitwa sda1. Cha pili, sda2. Wifi akasoma amri ya kufuta, herufi kwa herufi, na vidole vya Mama Chapa vikakimbia kama kawaida yao. Kidole kidogo kilikuwa tayari kinashuka kwenye Enta.

Akakizuia hewani. Hakujua kwa nini. Labda ni mazoea ya zamani, wakati ukikosea mstari ulikuwa unaurudia ukurasa mzima, kwa hiyo ulijifunza kusoma kwanza.

"Wifi, umesema moja au mbili?"

"Moja."

"Mimi nimeandika mbili."

Kwenye kile kipande cha pili mlikuwa na kila alichowahi kuwachapia watu wa mtaa ule, na picha zote, na sauti, na kila kilichobaki cha dereva wa basi la shule. Mama Chapa aliitazama mikono yake. Vidole vyenye macho! Vilikuwa vimenakili kilichokuwa mwisho wa orodha pale juu, bila kumuuliza.

Wifi aliweka simu mezani. "Toa mikono kwenye kibodi," akasema kwa upole. "Wodini, kabla hatujamchoma mtu sindano ya hatari, mmoja anashika chupa, mwenzake anasoma jina kwa sauti. Halafu mnabadilishana. Hata kama mna haraka. Hata kama mmefanya kazi hiyo miaka kumi. Kuanzia sasa tunafanya hivyo."

Mama Chapa akafuta ile mbili, akaweka moja. Wifi akasoma kwenye skrini, yeye akasoma kwenye simu. Wakabadilishana. "Moja," akasema Wifi. "Moja," akasema Mama Chapa. Enta. Na tangu hapo hakuna amri iliyopita bila kusomwa na wote wawili.

Wakakitengeneza kile kipande upya. Wakakiunganisha ili flashi iweze kukijaza. Kisha ikaja amri ya kuvuta mfumo wenyewe kutoka kwenye mtandao, na hapo hapakuwa na la kufanya ila kutazama. Majina ya ajabu ajabu yakawa yanapita, kila moja na kamstari kake kanachojaa kutoka kushoto kwenda kulia. Wifi alikaa mbele ya skrini na kikombe chake kama mtu anayetazama mpira. "Huyu anajaa haraka," akawa anasema. "Huyu mzito. Haya, sukuma, sukuma, baba!"

Mfumo ulipokwisha kuingia, wakaingia nao ndani yake, maana ndivyo maelezo yalivyosema: sasa mko ndani ya nyumba mpya, pangeni vyombo. Wakaweka saa. ("Hapa mume wangu mtarajiwa angelia machozi," akasema Wifi.) Wakaweka lugha. Mashine ikataka jina.

"Ajuza," akasema Wifi.

"Ajuza amekufa asubuhi. Huyu mpya." Mama Chapa alifikiri kidogo, akachapa: kigoli.

Halafu akatakiwa kuweka pasiwedi yake mwenyewe. Akaiandika upesi, mkono mmoja umefunika mwingine, na Wifi hata angetumia sauti gani hakuambiwa.

Walikuwa wamebakiza hatua chache. Na pengine kwa kuwa mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, Wifi aliiteremsha simu mapajani akasema kitu alichokuwa amekibeba kwa siku nyingi.

"Wifi, nikuulize. Zile kadi. Ulikuwa unazichelewesha?"

Mama Chapa angeweza kusema wino. Alitazama kile kijistari kinachowaka na kuzimika.

"Nilikuwa nazichelewesha."

"Humpendi Fundi Saa?"

"Nampenda mpaka kero! Mtu mwema kama yule, nani asimpende?" Alichezea ukingo wa kibodi. "Lakini kadi ikishachapwa, jambo limekuwa kweli. Nilikuwa nakaa hapa kila asubuhi najiambia, leo nachapa. Kisha naona kama ni mimi ninayekufungia virago, kwa vidole vyangu mwenyewe. Basi naenda kutafuta ugonjwa wa mgongo."

Wifi akaanza kutikisika mabega, na Mama Chapa akadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa pia anacheka.

"Mtaa wa pili, wifi! Naolewa mtaa wa pili! Ukipiga chafya nitasikia!"

"Na chumvi? Nitagombana na nani?"

"Na mimi! Unadhani nitagombana na nani kule? Juzi nimemfokea yule mwanamume, nimemfokea vizuri tu, kwa moyo wangu wote. Unajua ameniambia nini? Ameniuliza kama nimekula." Alipenga kamasi. "Kwa upole ule nitaumwa. Lazima niwe nakuja hapa kila asubuhi kupata ugomvi wangu."

Sasa wote walikuwa wanacheka na kulia bila mpangilio, mmoja akianza mwenzake anafuata, na paka akashuka kwenye mashine ya kopi akaondoka, maana palikuwa hapakaliki. Wifi akaiokota simu. Skrini yake ilikuwa imezimika. Akaiwasha, akapitisha kidole chenye machozi, akakohoa, akasoma: "'Ukimaliza, toka, zima mashine, toa flashi, uwashe.' Ndio mwisho huo!"

Wakazima. Mama Chapa akachomoa flashi kwa vidole viwili. Akabonyeza kuwasha, wakashikana mikono.

Mstari mmoja ukatokea. Ulisema, kwa kifupi, kwamba hapa hakuna chochote cha kuwakia.

Wakaungoja ubadilishe mawazo. Haukubadilisha.

"Nimemuua," akasema Mama Chapa.

"Hakuna aliyekufa," akasema Wifi, na ghafla alikuwa na umri wa miaka ishirini tena, zamu yake imeanza. "Mgonjwa hajafa mpaka tumesoma faili lake upya kutoka juu. Soma wewe sasa, mimi nasikiliza."

Mama Chapa akasoma. Hatua kwa hatua, na Wifi akijibu: tumefanya, tumefanya, tumefanya. Mpaka baada ya ile ya pasiwedi. Hapo palikuwa na mstari aliousoma halafu akasita. "'Weka kiwashio kwenye diski. Bila hiki mashine haitajua mfumo uko wapi.'"

Wakatazamana.

"Hiki hatukufanya," akasema Wifi.

"Hiki ndipo ulipokuwa unaniambia habari za kufoka."

"Mimi? Nani alikuwa analia?"

"Tulikuwa tunalia wote! Lakini aliyeshika simu ni nani?"

Walibishana kwa raha zao wakati flashi inarudishwa, kitufe kinagongwagongwa, na karatasi nyeusi inatokea upya. Hawakulazimika kufuta chochote. Nyumba ilikuwa imejengwa tayari, ilikosa mlango tu. Wakakiunganisha tena kile kipande, wakaingia ndani, wakachapa amri ya kiwashio. Moja, moja. Enta. Wakaitoa flashi.

Safari hii mistari ilipita kwa kasi ambayo kompyuta ile haikuwahi kuwa nayo hata siku ilipofungwa mkanda garini. Hapakuwa na muda wa kufagia hata pembe moja ya duka. Jina likajitokeza, kigoli, na mbele yake swali: nani anaingia?

Mama Chapa alisimama. Aliinua mikono yote miwili juu, akazunguka pale pale alipo, makalio yakaipiga stuli ikaanguka. Wifi akampigia vigelegele vilivyomrudisha yule mzee wa kopi dirishani akiwa anakimbia, anauliza kama harusi ndiyo leo.

"Bado!" akasema Mama Chapa. "Lakini kadi zinatoka leo! Lete karatasi yako, mzee wangu, leo nakutolea kwa furaha!"

Yaliyobaki yalikuwa kumalizia. Waliunganisha mtandao tena, na safari hii Mama Chapa hakuuliza pasiwedi. Aliichapa huku anaimba kila herufi. Wakavuta madirisha na rangi za skrini, wakavuta programu ya kuandikia, wakaunganisha printa. Ilipofika jioni kompyuta ilikuwa na uso mzuri wa kijani, na kile kipande cha pili kilifunguka na kila kitu kikiwa mahali pake.

"Spika je?" akasema Wifi. "Jaribu spika."

Mama Chapa akafungua faili la sauti lililokuwa juu kabisa, bila kutazama jina. Kwanza kulisikika kukwaruza. Kisha sauti nene ya mwanamume ikasema, kwa makini mno: "Haloo, haloo. Moja, mbili. Wimbo huu ni zawadi kwa mke wangu." Akaanza kuimba. Marehemu alikuwa na kila kitu cha mwimbaji isipokuwa sauti. Alikuwa akipanda pale wimbo unaposhuka. Nyuma yake zikaanza kusikika sauti mbili za wanawake zikijizuia kucheka, zikishindwa, na yeye akikatisha wimbo kwa hasira: "Nyinyi! Tokeni humu! Mmoja akianza, mwingine hakosi! Hii ni sanaa!"

Mlango ukasikika ukifungwa, vicheko vikaenda mbali, na dereva wa basi la shule akaendelea kuimba vibaya, kwa moyo wote, mpaka mwisho. Wanawake wawili wale, mke wake na dada yake, walimsikiliza wamekaa stuli moja, kila mmoja nusu. Wimbo ulipokwisha Wifi akasema, "Kaka yangu alikuwa na roho ngumu," wakacheka tena, taratibu, na Mama Chapa akavuta kibodi akaanza kadi.

Waligombania kadi. Wifi alitaka jina lake liwe kubwa kuliko la bwana harusi. Mama Chapa akasema yalingane. Wifi alitaka maua. Mama Chapa akasema maua yanakula wino. Walipokubaliana, majina yalilingana na maua yalikuwepo. Ya kwanza ilitoka kwenye printa ingali na joto, na Wifi akaipepea ikauke, akaisoma, akaisoma tena, akaibusu, akaacha alama ya midomo, ikabidi wachape nyingine.

Fundi Waya alipiga simu wakiwa katikati ya kukata karatasi. Mtoto wa kike, mama mzima, mtoto mzima. Baada ya vifijo vyote akakumbuka kuuliza: "Mlinisubiri, mama?"

"Tulichoka kukusubiri. Imewaka."

"Imewaka? Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilisahau kiwashio, nikakaa siku mbili sijui kosa."

"Kiwashio!" akasema Mama Chapa, akimkonyeza Wifi. "Mtu anasahauje kiwashio?"

Harusi ilifanyika, ikajaa. Fundi Saa alifika mapema kuliko wote. Wifi alihamia mtaa wa pili na lile sanduku lake dogo, na asubuhi iliyofuata, chai haijachemka, alikuwa mlangoni kwa Mama Chapa akiuliza nani amefunga dirisha.

Habari zilikwisha kuenea. Watu wakaanza kuleta kompyuta zao zilizokata roho, zimefunikwa kwa shuka, zimebebwa kichwani, na kila Jumamosi wanawake wale wakawa wanaketi, mmoja anasoma, mwingine anachapa, kisha wanabadilishana. Fundi Waya, ambaye sasa alikuwa anasinzia kila mahali kwa ajili ya mtoto, aliwaletea flashi nyingine na kuwaachia wateja wa mashine za zamani kwa mikono miwili.

Kisha mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa karibu akaja dukani. Alikuwa na chumba kizima cha kompyuta zilizofungiwa kwa muda mrefu, hakuna iliyokubali kuwaka, na wanafunzi walikuwa wakichora kibodi kwenye karatasi ili wajifunze kuchapa. Wangeweza kuja kutazama tu?

Walikwenda siku hiyo hiyo. Fundi Saa aliwabebea stuli na chupa ya chai, akitembea nyuma yao. Mwalimu alifungua mlango, akafungua madirisha, na mwanga ukaingia juu ya mashine zote zile, safu kwa safu, na vumbi lake. Mama Chapa alivua pete akaitia mfukoni, akanyoosha vidole mpaka vikalia.

"Nianze kusoma mimi," akasema.

"Nani kakwambia?" akasema Wifi. "Jumamosi umesoma wewe."

"Jumamosi ulisoma wewe, na uliruka mstari."

"Sikuruka!"

Fundi Saa aliweka stuli mbili mbele ya mashine ya kwanza, akawamiminia chai, akawauliza kama wamekula.